Upande wa Hasani

Jumatano, Nachingwea

Bado namfikiria Huseni, mtoto aliyeletwa leo kutoka kijiji cha Mbekenyera nimrekebishie kofia. Kichwa chake ni bapa upande wa kulia, na ile kofia ngumu ndiyo inayokinyoosha kadiri kinavyokua.

Nilikwangua sponji ya ndani iliyokuwa ikimbana sikio, nikamvika, nikamlaza mezani. Akageukia kulia palepale, akacheka.

"Mama Huseni, si nilikwambia umzoeze upande mwingine?"

"Nimejaribu, daktari. Anageukia alikokuwa akilala mwenzake."

Pacha wake, Hasani, walimzika kabla hajatimiza siku arobaini. Sikujua mpaka aliponiambia leo.

Nilimpa pole, nikamweleza kwamba ni shingo tu iliyokaza, mazoezi yatailegeza. Naamini hivyo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akausogeza mkoba wangu wa vifaa uliokuwa kulia kwa mtoto.

"Usimbane," akasema taratibu.

Sikuuliza nani. Huseni alinyoosha mkono kwenye ile nafasi tupu, vidole vikajifumba polepole, kana kwamba vinashika vidole vingine.

Walipoondoka, niliwahudumia watoto wote waliobaki nikiwa nimesimama kushoto kwa meza. Mkoba niliuacha sakafuni.