Sitaha Niliyoipaka Mawese

Rahaleo, Mtwara

Dada yangu Mwamini,

Shikamoo, na pole kwa goti kama bado linakusumbua huko Ujiji. Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala. Jua la huku Mtwara nimeshalizoea. Ni jambo jingine lililonikalisha chini na kalamu.

Dada, mwanao Zainabu ana mikono. Sisemi kwa kuwa nimemzaa. Fundi Nandonde wa Likombe, anayetengeneza meli ndogo za mbao za kupamba sebule za wakubwa, ana wanafunzi wengine wanne, wote wanaume, na hakuna anayemfikia Zainabu. Mwaka huu, wa tatu tangu aanze kujifunza kwake, fundi alimpa meli nzima, akamwambia: "Panga sitaha peke yako. Nikiikubali, nakutangaza fundi." Sitaha ni pale juu wanapokanyaga mabaharia. Usidhani ni ubao mmoja! Ni vibao vya mfenesi, vyembamba kama njiti za kiberiti, kimoja kimoja, kila ubavu umepakwa masizi kidogo ili mstari uonekane. Halafu gundi, halafu msasa mpaka kidole kiteleze. Wiki tatu mwanangu kainama. Mimi nikatangaza mtaa mzima. Ningenyamaza vipi? Ungekuwa wewe ungepiga ngoma.

Siku moja kabla ya kukaguliwa nilimpelekea chakula karakanani, nikamkuta katoka kununua vanishi. Nikaitazama sitaha, imepauka kama mguu wa mtoto aliyecheza vumbini. Nikakumbuka marehemu baba alivyokuwa akipaka mawese kwenye kinu na viti visipasuke. Na yale mawese uliyonitumia nilikuwa nayo kikapuni, kwenye kichupa, ya kutilia mboga. Nikachovya kitambaa, nikasugua kwa mapenzi yote. Iling'aa, dada!

Zainabu aliporudi alisimama mlangoni.

"Mama, umepaka nini?"

"Mawese ya kwetu. Unaona inavyopendeza?"

Alishika msasa akasugua mpaka magharibi, lakini mafuta yalishaingia ndani ya mbao. Masizi yakatoka kwenye mistari yake yakaenea, na vanishi ikawa inakimbia kama maji juu ya jani la mgomba.

Kesho yake nilikuwa nimeshaalika jirani zangu wawili waje kuona. Fundi akapitisha kidole, akanusa.

"Nani kapaka mafuta? Hii ni sitaha au sufuria ya mlenda?"

Zainabu akaniangalia. Mimi nikaangalia kanga yangu. Mdomo huu unaoujua, dada, usioshindwa msibani wala harusini, haukufunguka.

"Ni mimi, fundi," akasema Zainabu.

Basi yule mzee akachukua patasi, akaing'oa sitaha yote mbele yetu, kibao baada ya kibao, taratibu kama anayechambua mchele. "Miaka mitatu," anasema, "kumbe nilikuwa nafuga mpishi." Wale wanafunzi wakacheka. Jirani yangu mmoja naye akacheka, tena yule niliyempa kiti. Kisha fundi akamnyooshea Zainabu mlango, asimwambie hata kwaheri.

Siku ya tatu nikaenda peke yangu kusema ukweli. Hakuacha hata kazi yake.

"Mama, nilijua. Kucha zako zilikuwa za njano."

"Basi mrudishe mtoto!"

"Mwanafunzi akiharibu kazi, namfundisha. Akinidanganya juu ya kazi, wa nini?"

"Alinisitiri mimi, mama yake!"

"Vizuri. Kaa naye."

Nimemweleza Zainabu kwamba nilikwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, ungesema siku ile." Hayo tu, na hajayarudia. Sasa anabangua korosho kwa watu, vidole vimebabuka kwa utomvu wa maganda. Kila asubuhi ananiamkia kama zamani, ananitengea chai kabla ya kutoka. Angenitukana ningepumua.

Msalimie shemeji, na yule wifi yetu anayeuza dagaa, na mjomba aliyetulea baba alipofariki. Wote nilishawaandikia kwamba Zainabu kawa fundi. Wakisikia mengine, usiache waseme nilijisifu uongo. Alikuwa fundi kweli, dada. Alikuwa fundi mpaka nilipoingia mimi na chakula chake.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Hadija, mama Zainabu