Mwenye Funguo za Grupu

Mama,

Sisi hatujambo, na grupu lako la WhatsApp la watu wa kisiwa chetu cha Chovai halikufa. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliulizia hata kabla ya kuulizia wajukuu.

Ulipolianzisha hapa Mombasa mimi niliona haya. Mama asiyejua kusoma, awe admini! Nilikuonyesha pa kubonyeza tu. Maneno ya humo uliyapa maana mwenyewe, ukawarekodia wageni kwa sauti yako, na kikohozi humo humo. Admini si mfalme, ni mwenye funguo. Kumyuti ni kukaa na wenzio umeziba masikio, na si dhambi, maana harusi zina kelele. Kufowadi ni kubeba neno la mtu, basi uliza kwanza limetoka kinywani mwa nani. "Chovai tulikimbia bunduki," ulisema, "leo tusikimbie fowadi." Nikacheka. Kisha ukavuma uongo wa mapigano Kismayo, na watu wako hawakuutembeza. Siku hiyo nilijivuna, Mama, ila sikukwambia.

Kuleft, yaani kujitoa kwenye grupu, ndiko ulikokuchukia zaidi. "Mchu haingii kwa wachu bila ya hodi, wala haondoki bila ya kuaga," ulisema kwa lahaja ya kwetu. Kila mgeni alipiga hodi kwa sauti, akataja ni mwana wa nani na kisima cha kwao kilikuwa wapi. Walikuona mkali. Mimi nilijua unamtafuta mdogo wako, Mjomba Shee, aliyepanda chombo kingine siku tuliyokimbia vita, tusijue tena yu hai au amekufa. Ikija sauti ya mzee uliacha jiko ukasikiliza. Tumekula samaki wengi walioungua kwa ajili yake.

Mama, amekuja.

Miezi mitatu baada ya kukuzika, mtu wa Kismayo aliingiza nambari ngeni. Nikaitumia masomo yako, zile sauti ulizorekodi, kama ninavyowatumia wote. Tiki zikawa bluu, lakini hodi haikuja. Nikasema, huyu naye kakasirika. Alasiri ikaja sauti ya mzee: "Hodi. Miye ni Shee, mwana wa Mwanaesha. Kisima chetu ni kile cha nyuma ya msikiti. Na huyu anayesomesha hapa ni dadangu."

Nilimpigia simu nikamwambia ukweli. Sijapata kusema neno zito kama lile. Alikusomea Fatiha, akalia, nami nikalia. Kisha akaomba nimtumie sauti zako zote, na kikohozi nisikikate.

Sasa yeye ndiye anayepokea wageni. Akiulizwa maana ya neno asilolijua hujibu kwa maringo, "Msikizeni dadangu."

Juzi vijana walioko Ulaya walitaka nambari yako niitoe kwenye grupu, kwa kuwa haijibu. Nilikataa, maana admini sasa ni mimi. Wewe na mimi tu ndio tuijuao ile asubuhi ya mwisho hospitali: ulinishika mkono, ukaniita jina langu, ukaniaga vizuri. Wewe hukuleft.

Kwaheri, Mama. Funguo ninazo. Atakayepiga hodi nitamfungulia, na sauti ya kwanza atakayoisikia ni yako.

Mwanao