Kigae Chini ya Sufuria

Jumatatu, 3 Novemba

Tanuri limewashwa saa kumi na mbili asubuhi. Vigae kumi na viwili. Kimoja kimepasuka, kumi na kimoja vizima. Njoroge, fundi wangu wa tanuri, kaandika kwenye daftari, mimi nikahakiki. Barabara ya Keele magari tele. Nimechelewa dakika kumi na hakuna aliyeniuliza.

Wateja wamepungua. Kiwanda cha vioo kilichokuwa kikichukua vigae vyetu vya kuzuia joto kimefunga. Tumebaki wanane kwenye jengo la watu ishirini. Ukikohoa unajisikia mwenyewe.

Saa nane Colin, bosi wangu, kaniita ofisini. Ana waraka wa jeshi: vipaumbele vya utafiti wa makombora ya baadaye. Si siri, umetolewa hadharani ili kampuni zijitokeze. Kasema nisome kipengele cha tatu nimwambie kama anaota.

Haoti. Kipengele cha tatu ni mimi. Wanataka kitu cha kufunika pua ya kombora linalokwenda kasi mpaka hewa yenyewe inaliunguza. Kisipasuke, kisiyeyuke, kiwe chepesi, na upande wa ndani ubaki baridi. Kitu hicho ninacho, ndicho kigae chetu. Kimoja Mama anakitumia jikoni kuwekea sufuria ya moto, kakipandisha juu ya vijiti viwili vya mbao kama meza ndogo.

Jumanne, 4 Novemba

Nimesoma waraka wote. Injini zinazovuta hewa. Kuliongoza kombora bila kutegemea setilaiti. Kuliona la adui mapema. Umeandikwa na watu wanaojua kazi yao.

Nimefurahi. Nasema kweli kwa kuwa hapa hasomi mtu. Miaka kumi na tisa nachoma udongo hapa Downsview, na leo kuna mtu kauliza swali ambalo jibu lake ninalo mimi. Nimefurahi kama mwanafunzi aliyeitwa jina mbele ya shule.

Kisha nikatafuta neno "mtu" ndani ya waraka. Limo mara moja. Usalama wa wafanyakazi wa maabara.

Alhamisi, 6 Novemba

Kituo chetu cha ibada, Bathurst, na Mama. Nimeegesha mbali, Mama kalalamikia magoti njia nzima.

Baada ya dua wakasoma majina ya marehemu wa kusomewa Fatiha. Zamani majina haya nilikuwa nayajua. Mzee fulani wa Tanga, bibi fulani wa Arusha, watu wa maradhi na uzee. Siku hizi yamo pia ya jamaa za watu waliokimbia vita, tunaokaa nao safu moja. Leo majina saba ya ukoo mmoja. La mwisho la mtoto wa miezi minne. Nyumba moja, kombora moja. Ndugu yao alikuwa amekaa mbele yangu. Nilikuwa naona mgongo wake tu.

Na mimi nikaanza kuwaza: lilikuwa la aina gani? Kasi gani? Pua yake imefunikwa na nini? Katikati ya Fatiha. Nimejichukia.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemdokezea binti yangu Tahera. Ana miaka kumi na tano, anaelewa Kiswahili chote na hajibu hata neno moja. Kaniambia kwa Kiingereza chake kwamba kumbe mama yake ni mtu wa roketi, darasani hawataamini. Nikamwambia asiseme darasani. Kauliza kwa nini, kama ni jambo zuri.

Nikamtuma akakunje nguo.

Baba Tahera yuko Alberta kwa mkataba hadi majira ya machipuko. Kwenye simu: "Fanya unavyoona." Ahsante sana.

Jumanne, 11 Novemba

Colin kaja na ua jekundu la karatasi kwenye koti, la kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Kafunga mlango. Maombi ya utafiti huo yanatakiwa Ijumaa ya tarehe ishirini na moja. Masharti yanataka mtafiti mkuu awe yule aliyekitengeneza kitu kwa mkono wake, na atie sahihi. Bila jina langu hakuna maombi. Tukichaguliwa, wote wanane tunabaki. Tusipochaguliwa, kuanzia Januari siku za kazi zitakatwa.

Hakunitisha. Angenitisha ningemkasirikia, ingekuwa rahisi. Kasema ni ulinzi, na kwamba kigae hichohicho kinaweza kufunika kombora la kuzuia kombora. Inawezekana ni kweli. Mimi ndiye niliyekitengeneza na sitajua kinakwenda wapi.

Njoroge keshasikia. Mkewe na watoto wawili wanakuja kutoka Nakuru machipuko, karatasi tayari. Kaniletea mandazi kwenye kopo. "Madam, hii kitu tukiipata, hata Krismasi nitakuja kuwasha." Nimekula andazi moja mbele yake.

Ijumaa, 14 Novemba

Fomu ina sehemu ya kueleza matumizi yanayotarajiwa, kwa maneno yako mwenyewe. Nimeandika nikafuta. Nimeandika nikafuta. Nimeandika sentensi nzuri kabisa kuhusu joto, nikagundua sikusema kitu chochote, nikaiacha hapohapo.

Siwezi kukaa. Nimepanga upya kabati la viungo. Nimetoka kununua maziwa, nikapita duka, nikajikuta njia panda ya Steeles na Dufferin sina ninachokitafuta. Chakula nimekitia chumvi mara mbili. Tahera kala, akanywa maji gilasi tatu.

Mama ananitazama na hasemi. Mama kutosema ni jambo la kuogopa.

Jumapili, 16 Novemba

Nataka kuifanya kazi hii. Naandika hivyo ili nisijidanganye. Nataka kuona kigae kinapigwa na joto ambalo sina uwezo wa kulitengeneza kwenye tanuri letu. Nataka kujua kama kingestahimili. Nikifumba macho naona majina saba. Nikifumbua naona kopo la Njoroge, sijalirudisha.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimefanya jambo ambalo siku zote namcheka Mama nalo.

Mama hafanyi kitu bila istikhara. Kununua gari, kuhama nyumba, kung'oa jino. Anampigia sheikh simu, anashika nia yake moyoni, sheikh haulizi ni nia gani. Anafungua msahafu, anasema ni nzuri, ni ya kati, au ni mbaya. Basi, limekwisha. Na huruhusiwi kurudia mpaka jibu likupendeze. Mimi ni mtu wa vipimo. Kigae kimoja nakichoma mara thelathini kabla sijakiamini.

Leo baada ya chai nimemwambia: "Mama, nitazamie. Nina jambo la kazi."

Kaniangalia. Akanishika shavu. "Najua, mwanangu. Wala usinieleze."

Nikashukuru. Sikuwa na nguvu za kueleza.

Jumatano, 19 Novemba

Mama kapiga simu nikiwa naingia kwenye maegesho ya kazini. Nzuri. Sheikh kasema nzuri sana, ina heri mbele, na usikawie.

Nilitakiwa nifurahi. Sikufurahi. Nimekaa garini, injini nimeizima, mpaka vioo vikafanya ukungu. Nikajiambia: umeuliza, umejibiwa, unataka nini tena?

Nimeingia, nimetia sahihi kurasa nne. Ile sehemu ya matumizi nimebakiza sentensi yangu ya joto. Colin kanipa mkono. Njoroge kapiga mluzi siku nzima, nikatamani anyamaze.

Vigae kumi na viwili leo. Vyote vizima. Haijapata kutokea mwaka huu.

Alhamisi, 20 Novemba

Hatukwenda kituoni. Nitaandika ilivyokuwa, kwa mpangilio.

Nimefika nyumbani saa kumi na moja na nusu. Mama anakatakata vitunguu. Bila kugeuka kaniuliza: "Umeshawaambia?"

"Kuwaambia nini?"

"Kwamba unaacha."

Nikauliza naacha nini. Akageuka na kisu mkononi. "Kazi. Si umesema jambo la kazi? Wiki mbili hulali, unazunguka na gari bila sababu, umetulisha chumvi. Nani hamjui mtu anayetaka kuacha kazi? Nikashika nia: binti yangu akiiacha kazi ile, ni heri? Sheikh kasema nzuri."

Nimecheka. Nimecheka mpaka nikashika meza. Halafu haikuwa kucheka tena.

Nimemfokea Mama. Nimemwambia maneno ya miaka arobaini na saba: kwamba daima ananijua kabla sijajijua, daima anajibu swali ambalo sijauliza. Tahera katoka chumbani akasimama mlangoni. Mama hakulia. Kafuta mikono, kachukua simu yake, kanipa. "Haya. Nia yako nyingine na yangu ilikuwa nyingine, kwa hiyo si kurudia. Piga mwenyewe. Shika ya kwako."

Nikapiga. Ikaita mara mbili. Nikakata.

Nikakata kwa sababu nilijua jibu ninaloliomba. Nilikuwa nasimama pale naomba: mbaya, mbaya, sema mbaya. Na jana garini pia nilitaka mbaya, ndiyo maana sikufurahi. Nilitaka nikatazwe. Nimwambie Colin si mimi. Nimwambie Njoroge si mimi. Sheikh hata hajui ninafanya kazi gani, na nilitaka abebe yeye.

Sijamwomba Mama radhi. Vitunguu vimeungua.

Ijumaa, 21 Novemba

Maombi yalikuwa yatumwe saa kumi na moja jioni. Saa mbili asubuhi nimeingia kwa Colin nikasema liondoe jina langu.

Kauliza, kwa upole kabisa, kama ni mambo ya dini. Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu. Angeheshimu, angewaambia wengine, nao wangeheshimu, na hakuna ambaye angenikasirikia. Alikuwa ananifungulia mlango.

Nikasema hapana. Ni mimi. Siwezi.

Kaangalia saa ya ukutani, kaangalia fomu. Kasema atawaambia wafanyakazi mchana. Nikamwomba Njoroge nimwambie mimi.

Nimemkuta anapanga vigae kwenye tanuri. Nikamweleza yote, na ya Januari pia, kwamba siku zake zitakatwa na sababu ni mimi. Kavua glavu moja.

"Madam, hiyo kitu wataiunda tu. Na wewe ama bila wewe."

"Najua."

"Sasa hapo umesaidia nani?"

Kavaa glavu yake, kaendelea kupanga. Hatukusemezana mpaka jioni. Nilimrudishia kopo lake, nimeliosha, nimelijaza kashata za Mama. Kaliacha juu ya benchi.

Jumapili, 23 Novemba

Theluji ya kwanza iliyokaa. Tahera kalala mpaka adhuhuri.

Siku za kazi zimetangazwa. Kuanzia Januari tatu kwa wiki, wote. Nilitaka zangu zikatwe zaidi ili Njoroge abaki na zake. Colin kasema tanuri haliwashwi bila mimi, na bila yeye pia haliwashwi, kwa hiyo haitasaidia. Kasema kweli.

Nimemwomba Mama radhi. Kisha nimemweleza. Waraka, pua ya kombora, majina saba, sahihi, yote. Alikuwa kwenye sinki anaosha kigae chenyewe. Kaacha maji yakaendelea kutoka. Kakigeuza akatazama upande huu, akatazama upande ule.

"Hiki hiki?"

"Hicho hicho."

Kauliza kama kazi nimeiacha. Nikamwambia siachi kazi, Mama, nimekataa kitu kimoja tu. "Basi sheikh tumemsumbua bure," kasema. Nikadhani angekiweka kigae kando, akitie kwenye mfuko anirudishie. Nilikuwa nasubiri kuona. Kakifuta kwa kitambaa, kakirudisha juu ya vijiti vyake, katua sufuria ya chai juu yake.

Saa saba ujumbe kutoka kwa Njoroge, wa kwanza tangu Ijumaa. Kesho tunawasha saa ngapi. Anajua saa ngapi. Ni saa ileile kila siku, mwaka wa sita huu. Nikamjibu: kumi na mbili. Kajibu: sawa. Hakuandika Madam. Nimeusoma mara kadhaa.

Mama kaenda kusali. Sufuria bado inatoa mvuke. Nimepitisha vidole katikati ya vijiti, nikagusa kigae kwa chini. Baridi.