Mjakaranda Tulioupaka Chokaa

S.L.P. 87,
Milanzi,
Sumbawanga.
24 Novemba, 1996

Mpendwa Shangazi Redempta,

Shikamoo sana. Hali yako huko Iringa inaendeleaje, na kile kifua kimetulia? Sisi tu wazima, Mungu anatutunza. Mvua zimeanza, mahindi yameshachungulia. Mjukuu wako Eustaki sasa anatembea, tena ukigeuka tu hayupo.

Shangazi, unaukumbuka ule mjakaranda wa kando ya barabara, ninapouzia uji na maandazi? Siku hizi magari yamekuwa mengi, na ng'ambo yake kuna fundi Romani, rafiki wa Theodory wangu, anayeyusha betri kuukuu za magari kutoa madini ya risasi. Eustaki alikuwa anashinda chini ya mti huo. Mimi nilikuwa naona kivuli tu.

Mwezi wa sita tukaambiwa mtaalamu wa chuo kikuu anakuja kuutazama mti. Mwenyekiti wa mtaa akasema mgeni hapokewi na mti mchafu. Basi tukausugua shina, tukalipaka chokaa hadi usawa wa kichwa, kama siku anayokuja mkuu wa mkoa. Romani akacheka, "Shemeji, mmempaka poda, anaolewa lini?"

Mtaalamu mwenyewe kumbe ni dada tu, Angela, rika langu. Na alichofuata ni lile gome lenye vumbi lake! Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alicheka mpaka machozi, akavua viatu, akaomba khanga yangu, akapanda kusikofika chokaa. Nilimpenda hapo hapo. Alinieleza kama ndugu: moshi wa magari na wa betri una risasi isiyoonekana, inanasa kwenye magome na majani. Mti hauhami, basi hewa ya mahali inaandikwa mwilini mwake. Halafu akamwona Eustaki, akaacha kucheka. "Risasi inadumaza akili za watoto. Majibu bado, lakini usimweke hapa."

Theodory akakataa kuhama. "Mti una mdomo? Wateja wote wako pale!" Nikawa namwacha mtoto kwa Mama kule Kasense, maziwa yananijaa kifuani mchana kutwa, nauza uji huku nalia.

Mwezi jana Angela akarudi na majibu. Mti wetu umejaa risasi. Ule wa Kasense, alioupima ili kulinganisha, una kidogo mno. Theodory alichukua jembe, akang'oa nguzo za kibanda, akazisimika huku ndani, mbali na barabara. Nami nikaenda kumchukua mwanangu.

Sitakuficha, wateja wamepungua. Lakini namwangalia Eustaki nasema, Mungu akipenda, naye atasoma kama yule dada.

Juzi Romani alikuja kamshika mkono binti yake mdogo. Nikajua kaja kututania. Akasema taratibu, "Shemeji, naye ashinde huku na Eustaki. Natafuta pa kulihamishia lile jiko langu la kuyeyushia betri, nje ya mji."

Nisalimie Baba Felisian na dada Kornelia. Mungu awafunike kwa kiganja chake.

Ni mimi mwanao, nisiyechoka kukupenda,
Hellena