Nembo ya Baba

Ijumaa usiku

Leo naandika yote, hata yanayomhusu Baba.

Timu yetu inacheza fainali kesho. Duka la Baba la ushonaji hapa mtaani kwetu Berea lilijaa watu walewale waliomletea jezi mwezi jana, tulipokuwa tukifungwa kila wiki, awafumulie nembo ya timu wasije wakachekwa kazini. Sasa wanataka azishone tena.

"Fundi, harakisha! Hii timu ni damu yangu," alisema Mjomba Salimu.

"Eish, shemeji, mwezi jana ilikuwa ugonjwa wako," Baba akamjibu, na duka zima likacheka. "Nyie bendera fuata upepo. Mimi sijawahi kuhama."

Baba ana tiketi mbili. Ya pili, alitangaza, atampa shabiki mwaminifu kuliko wote nyumbani. Mimi nimevaa jezi yangu kila tulipofungwa, na shuleni wamenicheka vya kutosha. Lakini kaka yangu, aliyeanza kuipenda timu Jumatano, anapuliza vuvuzela kwa nguvu kuliko mimi.

Jioni Baba alinituma uzi wa njano kwenye droo yake. Humo nikakuta jezi yake mwenyewe, na nembo yake imefumuliwa, imewekwa kando. Aliifumua kwa ustadi mkubwa, hakuna hata tundu.

Nimeirudisha nembo kifuani kwa mishono yangu minene, na jezi nimeitundika kwenye kiti chake cha mezani. Mishono hiyo ataijua ni ya nani.

Sasa nataka jibu kabla ya chai ya asubuhi: Baba, tiketi ya pili ni ya nani?