Dirisha la Jikoni

Mwenzangu, hebu sikia yaliyonikuta leo.

Unalijua lile ghorofa walilojenga bila kuacha nafasi, dirisha lao karibu liingie jikoni kwangu?

Nilikuwa naosha vyombo, naongea na marehemu mama kama kawaida yangu. Nikamwambia, "Mama, nimechoka."

NIKAJIBIWA.

"Pumzika, mwanangu. Vyombo havikimbii."

Sahani ikaniponyoka. Kumbe ni bibi wa upande wa pili, yuko nyuma ya pazia, ukinyoosha mkono unamgusa!

Ina maana siku zote ananisikia. Siku zote, mwenzangu!

Na kesho ndiyo nilipanga kwenda manispaa kudai upande ule ubomolewe.

Nimefunga dirisha. Nimelifungua tena.

Nimeita kwa sauti ndogo, "Mama?"

Ameitika.