Zakaria Amelamba Jiwe Mbele ya Wakwe

Njombe, Jumamosi jioni, 1958

Kulamba jiwe! Mbele ya wakwe!

Ndugu za Ester walikuja kutoka Mdandu kutujibu kama watamruhusu binti yao aolewe na mjukuu wangu Zakaria, wafuatane Ulaya. Huko anakwenda kusomea ile shahada kubwa ya udaktari, ya mawe na udongo, si ya dawa. Wakikataa anaondoka peke yake, na mtoto huyu hata uji unamshinda kupika.

Naye anafanya nini? Anachukua jiwe moja katika yale aliyoyabeba kutoka Makambako, analilamba!

Mjomba wa binti akaweka kikombe chini. "Mama, kijana wenu ana mimba? Kwetu wenye mimba ndio hulamba udongo."

Nilitamani kumchapa Zakaria kwa mwiko.

"Mjomba, jiwe likilowa, chembe zake huonekana vizuri," akajitetea.

Nikajua tumekwisha.

Hapo Ester akainuka kwenye mkeka, akamnyang'anya jiwe, akalilamba yeye, akaligeuza dirishani. "Kweli, Mjomba, linameta. Hebu onja."

Mjomba akarudi nyuma kama kaona nyoka. Kisha akacheka mpaka machozi. "Wapelekeni wote wawili Ulaya, wakalambe mawe ya Wazungu!"

Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Ulaya ni mbali, nami ni mzee. Huenda wakirudi wasinikute. Hilo naliogopa, sijidanganyi. Lakini harusi nitaicheza, hata kama magoti haya hayataki.